Chura Si Mmoja: Spishi Fiche za Misitu ya Milimani na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii imezoeleka mno vinywani mwa wanasiasa na katika madarasa ya fasihi simulizi, kiasi kwamba hakuna anayejishughulisha kuuliza ni chura gani huyo anayepiga kelele. Katika methali, chura ni chura tu: mnyonge, mpayukaji, asiye na jina wala ukoo. Kelele zake hazina maana, na ng'ombe ana haki ya kuzipuuza. Hata hivyo, tangu mwanzoni mwa karne hii, wataalamu wa baiolojia wamekuwa wakiingia usiku katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki, tochi kichwani na kinasasauti mkononi, ili kuzisikiliza kelele hizo hizo. Mara kwa mara wamekuta kwamba pale ambapo jicho lilimwona chura mmoja, sikio lilisikia wawili, na vinasaba vikathibitisha watatu au zaidi.

Viumbe wa namna hii, wanaofanana kwa umbo lakini ambao kwa hakika ni spishi mbalimbali, waweza kuitwa spishi fiche. Makala haya yanashikilia kwamba ugunduzi wao si mali ya wanabaiolojia peke yao. Unawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya kumtenga chura mmoja na mwingine inashabihiana kwa karibu na kazi ambayo mwanaisimu na mtunzi wa kamusi huifanya kila siku. Pili, kiumbe asiye na jina katika lugha ya watu wanaoishi naye huwa hana mtetezi miongoni mwao. Kiswahili kimewapa wanasayansi maneno ya kuwabatiza vyura majina ya kisayansi, lakini hakijajipa chenyewe maneno ya kuwaita vyura hao hao. Dosari hiyo ni ya Wanakiswahili, na ni wao watakaoirekebisha.

Chura Mmoja Aliyekuwa Tisa

Milima ya Tao la Mashariki huanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, ikafuatana kuelekea kusini kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania. Ni milima mikongwe mno. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi huigonga na kuilowesha, ilhali nyanda zilizo baina yake ni kavu. Mtu akisimama juu ya Vilima vya Taita huiona nyika ya Tsavo imemzunguka. Kwa mwanadamu, nyika hiyo ni safari ya saa chache kwa gari. Kwa chura wa msituni, ambaye ngozi yake haistahimili ukavu, nyika hiyo ni bahari isiyovukika. Kila mlima basi ni kisiwa, na kila kisiwa kimelea vyura wake kwa muda mrefu usiomithilika.

Mfano ulio bayana ni wa vyura wa jenasi ya Callulina. Hawa ni vyura wanene, wenye ngozi ya vipelevipele, ambao hutambaa polepole na kupanda vichaka badala ya kurukaruka. Kwa muda wa takriban karne nzima vitabu vilimtambua mmoja tu, Callulina kreffti. Mwaka 2004 akaelezwa wa pili, kutoka Usambara Magharibi. Mwaka 2009 akaelezwa wa tatu, kutoka Vilima vya Taita. Mwaka 2010 wakafuata watano wa milima ya Pare na Nguru, na mwaka 2011 wa tisa akaongezwa kutoka Nguru. Wanane hawa hawakuzuka katika miaka hiyo saba. Walikuwepo wakati wote, wakilia kila msimu wa mvua, ila walikuwa wamefunikwa na jina la mwenzao.

Yafaa kueleza kwa ufupi jinsi pazia hili linavyofunuliwa. Chura dume hulia ili kumwita jike wa spishi yake, na jike huutambua mlio huo hata katikati ya ghasia za milio mingine. Mtafiti anapounasa mlio anaweza kuugeuza kuwa mchoro unaoonyesha kima cha sauti, muda wake na mapigo yake. Michoro miwili ikitofautiana daima, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba pana koo mbili. Kisha kipande kidogo cha nyama huchukuliwa na vinasaba vyake kulinganishwa na vya wengine ili kukadiria umbali wa kinasaba. Hatimaye mtafiti hurudi kwenye umbo akiwa na jicho jipya: ncha za vidole, ngoma ya sikio, tezi za miguuni, mifupa. Ushahidi wa aina moja hautoshi. Ni pale sauti, vinasaba na umbo vinapokubaliana ndipo jina jipya hutolewa.

Hali hii si ya Afrika Mashariki pekee. Mwaka 2002 watafiti walitangaza kwamba kisiwa cha Sri Lanka, kilichodhaniwa kuwa na spishi chache za vyura wa mitini, kina zaidi ya 100. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa Madagaska ulikadiria kwamba spishi za vyura ambazo zilikuwa bado hazijaelezwa na sayansi zilikuwa kati ya 129 na 221. Katika ukanda wa tropiki, basi, idadi ya vyura iliyomo vitabuni ni ya chini kuliko ile iliyomo misituni. Jambo la kusikitisha ni kwamba idadi ya vitabuni inapanda wakati uleule ambapo misitu inapungua.

Kazi Isiyo Ngeni kwa Mwanakiswahili

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la leksikografia atayatambua haya yote. Chukua neno kaa. Kwa sikio na kwa jicho ni neno moja lenye herufi tatu. Lakini mtunzi wa kamusi hawezi kuridhika na umbo. Husema "kaa huyu amekufa" na kutambua mnyama wa pwani mwenye magando. Husema "kaa hili limezimika" na kutambua kipande cha kuni kilichoteketea. Husikia "kaa hapa" na kutambua kitenzi. Umbo limeficha maneno matatu, na ni upatanisho wa kisarufi uliowafichua. Kwa hiyo kamusi huwapa vidahizo vitatu. Kwa upande mwingine, kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha treni havipewi vidahizo vitatu, kwa kuwa ni neno moja lililopanua maana zake. Kosa laweza kutendwa pande zote mbili: kuunganisha visivyo vya ukoo mmoja, au kutenganisha vilivyo vya ukoo mmoja. Mwanabaiolojia naye huishi baina ya makosa hayo mawili.

Hata nomino chura yenyewe ni funzo. Ukitazama umbo lake tu, chura na vyura, utadhani ni ndugu wa chumba na vyumba au cheo na vyeo. Na kwa historia ndivyo ilivyo, maana kiambishi ni kile kile cha ki- na vi-, kama Kikuyu kinavyodhihirisha kwa neno lake kiura. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili sanifu hasemi "chura kile kinalia". Husema "chura yule analia". Umbo linampeleka chura kwenye ngeli moja, upatanisho unamweka kwenye ngeli ya A-WA pamoja na viumbe wenye uhai. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelielewa jambo hili amekwisha kuelewa msingi wa utafiti wa spishi fiche: asiyetazama zaidi ya umbo hupotoka.

Ulinganifu huu una faida yake. Unaonyesha kwamba Mwanakiswahili hatakuwa mgeni mwaliko akijiunga na wanabaiolojia. Ana ujuzi wa kutenganisha, kulinganisha na kutoa majina, na ndio ujuzi unaohitajika.

Mitungi na Miswada

Sehemu ya ugunduzi huu haifanyiki msituni kabisa. Hufanyika katika vyumba baridi vya makavazi, mbele ya mitungi yenye vyura waliohifadhiwa kwa spiriti. Mwaka 1905 mtaalamu wa Kijerumani, Gustav Tornier, alimweleza chura kutoka koloni ambalo leo ni Tanzania bara. Chura huyo alishangaza kwa sababu hakutaga mayai: alizaa watoto walio tayari, wasiopitia hatua ya kiluwiluwi majini. Miongoni mwa spishi zaidi ya 7,000 za vyura zinazojulikana duniani, wanaozaa hivyo hawafikii hata asilimia moja. Chura huyo, aitwaye leo Nectophrynoides viviparus, akawa maarufu vitabuni. Na kwa kuwa alikuwa maarufu, kila chura aliyefanana naye katika milima mingi aliingizwa katika jina lake.

Mwaka 2025 kundi la watafiti wa nchi kadhaa, akiwemo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilichapisha matokeo ya kuifungua upya mitungi hiyo. Walifaulu kupata vinasaba katika miili iliyohifadhiwa kwa zaidi ya karne moja, wakavilinganisha na vya vyura waliokusanywa katika miongo ya karibuni. Ndani ya jina moja walikuta spishi tatu ambazo hazikuwa zimeelezwa. Walizipa majina ya kwao: luhomeroensis kwa Mlima Luhomero ulio Udzungwa, uhehe kwa nchi ya Wahehe, na saliensis kwa msitu wa Sali ulio Mahenge.

Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili ataona hapa jambo analolijua. Miswada ya tendi iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu nayo ilikusanywa na wageni, mingine ikapelekwa Ulaya na kulala makabatini kwa miongo mingi. Msomaji wa baadaye, mwenye maswali mapya, huifungua na kukuta kwamba kile kilichodhaniwa kuwa utenzi mmoja kina matoleo mawili yanayotofautiana, au kwamba beti zilizohusishwa na mtunzi fulani si zake. Kilichohifadhiwa vizuri huendelea kusema. Lakini pia kuna swali la haki. Chura wa mwaka 1905 alifahamika Berlin kabla ya kufahamika katika lugha ya watoto waliomkanyaga karibu na mashamba ya wazazi wao. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado hana jina la Kiswahili linalofundishwa shuleni.

Maneno Yaliyokopeshwa na Hayakurudishwa

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Haiwezi kusemwa kwamba sayansi imekidharau Kiswahili. Mwaka 2002 Alan Channing na William Stanley walimweleza chura wa mitini kutoka milima ya Ukaguru, mwenye rangi za kupendeza mno, asiyelingana na jenasi yoyote iliyojulikana. Wakamuundia jenasi mpya na kuiita Churamiti, na jina la spishi likawa maridadi. Churamiti maridadi: jina zima la kisayansi limetoka katika Kiswahili. Chura yule wa Usambara Magharibi wa mwaka 2004 aliitwa Callulina kisiwamsitu. Mwenzake wa Taita aliitwa Callulina dawida, kwa jina ambalo Wataita wenyewe huviita vilima vyao. Mwaka 2009 David Blackburn alieleza vyura wawili wadogo sana wa Tanzania: mmoja wa Nguru akamwita Arthroleptis kidogo, na mwingine wa Usambara akamwita Arthroleptis fichika.

Majina haya yanastahili kuchambuliwa na Wanakiswahili kwa jicho la kitaaluma, na uchambuzi huo haujafanywa vya kutosha. Churamiti, mathalani, laweza kutetewa. Kiswahili kina ambatano za nomino mbili zisizo na kiunganishi, na punda milia ni mfano tosha. Kisiwamsitu nalo lina mantiki hiyo hiyo, ingawa mzungumzaji wa kawaida angetazamia "kisiwa cha msitu". Fichika lina utata zaidi. Ni shina la kitenzi katika kauli ya kutendeka, lililowekwa peke yake mahali pa sifa. Kiswahili kingependelea nomino au sifa iliyoundwa kutokana nalo. Hata hivyo, nani angemsahihisha mtoaji jina, ilhali Mwanakiswahili hakuwepo alipokuwa akilitoa? Na licha ya kasoro hiyo ya kisarufi, pana ukweli mzito katika neno hilo moja: aliyefichika ameitwa Fichika, na kwa kuitwa amekoma kufichika.

Lakini maneno haya yamekwenda upande mmoja. Yametoka katika Kiswahili yakaingia katika majarida ya Kiingereza, na hayajarejea. Mwanafunzi wa shule ya msingi wa Wundanyi au Lushoto hatayakuta katika kitabu chake cha Kiswahili. Kamusi humpa chura, kiluwiluwi na, akibahatika, amfibia. Neno spishi lenyewe, ambalo limetumika katika kamusi za istilahi za sayansi kwa miaka mingi, bado linachanganywa na aina hata katika maandishi ya wasomi. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Aina ni neno pana: chura mkubwa na chura mdogo wa ukoo mmoja waweza kuitwa aina mbili. Spishi ni ukoo wenye historia yake, ambao ukitoweka haurudi.

Funzo la Kihansi

Je, jina la Kiswahili lina uzito wowote kwa uhai wa chura? Kisa cha chura wa Kihansi chajibu, tena kwa pande mbili. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi kusini mwa Tanzania ulikuwa umekwisha kuanza kujengwa, watafiti waliokuwa wakikagua mazingira ya korongo la mto huo walimkuta chura wa manjano, wa urefu wa takriban sentimita mbili. Aliishi katika eneo la hekta chache tu, lililoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani ili wafugwe katika bustani za wanyama, na mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa korongoni. Vyura waliobaki waliongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ghafla, na kuvu linaloua vyura likagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtangaza kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vya wale 499 vilianza kurudishwa korongoni.

Jina la kisayansi la chura huyo ni Nectophrynoides asperginis. Ni Watanzania wachache wanaolijua. Lakini "chura wa Kihansi" alijulikana hata na watu wasiowahi kuona korongo hilo. Alizungumzwa magazetini na mitaani. Wapo waliomtetea, na wapo waliouliza kwa hasira kwa nini fedha zitumike kwa ajili ya chura ilhali wananchi wanahitaji umeme. Ubishi huo una thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa watu hawabishani juu ya kitu wasichoweza kukitaja. Jina jepesi la Kiswahili lilimtoa chura katika maabara na kumfanya kuwa jambo la raia. Wenzake wa Nguru, Pare na Taita, walio katika hatari isiyo ndogo, hawana bahati hiyo. Hakuna anayewabishania.

Hata hivyo, ukweli usemwe wote. Jina halikumwokoa chura wa Kihansi porini. Lilikuja pamoja na matingatinga, wakati uamuzi mkuu ulikuwa umekwisha kufanywa. Funzo si kwamba jina linatosha. Funzo ni kwamba jina lililochelewa ni dawa iliyofika baada ya matanga.

Hoja za Wapinzani

Wapo watakaosema kwamba majina ya Kilatini yanatosha, kwa sababu ndiyo yanayoeleweka ulimwenguni kote. Hoja hii ni ya kweli kwa wasomi, na hakuna anayetaka Kilatini kiondolewe. Lakini hatima ya msitu haiamuliwi na wasomi peke yao. Nchini Kenya, Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliipa jamii nafasi ya kushiriki katika usimamizi wa misitu kupitia vyama vyao, na sheria ya mwaka 2016 ikaiendeleza nafasi hiyo. Mikutano ya vyama hivyo haifanywi kwa Kilatini. Tuseme afisa anasimama katika baraza na kueleza kuwa katika msitu ule yupo chura asiyepatikana pengine popote. Mzee mmoja anamjibu kuwa vyura wamejaa tele mtoni, na usiku hawamwachi alale. Wote wawili wamesema kweli. Kilichowaangusha ni lugha, ambayo haikuwapa neno la kumtenga chura wa msituni na chura wa mtoni.

Wengine watasema kwamba wanasayansi wenyewe hawakubaliani, na kwamba spishi tisa za leo zaweza kuwa saba kesho au kumi na mbili. Ni kweli, na sayansi haioni haya kwa hilo. Lakini hata kamusi huwa na matoleo. Hakuna aliyewahi kukataa kuandika kamusi kwa kuhofia kwamba toleo la pili litasahihisha la kwanza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na inatoka ndani ya nyumba ya Kiswahili. Uundaji wa istilahi umewahi kuleta vurugu kuliko nuru. Kompyuta iliitwa tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na msomaji akaachwa ajichagulie. Je, vyura nao wapewe majina matatu kila mmoja, moja la Nairobi, moja la Dar es Salaam na moja la Zanzibar? Hofu hii ina msingi. Dawa yake si kuacha kuunda, bali kuunda kwa utaratibu.

Njia ya Kufuata

Hatua ya kwanza ni kuuliza kabla ya kuunda. Lugha zinazozungumzwa kando ya misitu hii, yaani Kidawida, Kisagalla, Kishambaa, Kikaguru, Kihehe na nyinginezo, ndizo zenye haki ya kwanza. Mfano mwema upo. Mwaka 2005 sayansi ilimtambulisha tumbili mpya wa Mlima Rungwe na Udzungwa. Wenyeji wa Rungwe walikuwa wakimjua zamani na kumwita kipunji, na jina hilo likachukuliwa kama lilivyo. Leo kipunji ni neno la wote. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka katika vijiji vya milimani ana nafasi ya kuketi na wazee, na watoto wachungaji pia, na kuandika wanavyowaita viumbe hawa. Kazi hiyo haingoji. Msamiati wa msituni hufa pamoja na msitu, na wakati mwingine hufa kabla yake.

Hatua ya pili ni kuutumia utajiri ambao Kiswahili tayari kinao. Mwanabaiolojia huuchora mlio wa chura kwa mashine. Kiswahili kina tanakali za sauti, nyenzo ambayo wanafasihi huisifu darasani na kuisahau wakitoka nje. Kumpa chura jina linalotokana na mlio wake ni kumpa mwanakijiji ufunguo wa kumtambua gizani, bila mashine. Mahali pasipo na mlio, tabia au makao yatumike. Na kwa kweli wapo wasio na mlio: mwaka 2023 alielezwa Hyperolius ukaguruensis wa milima ya Ukaguru, chura ambaye dume wake hasikiki akilia kama wenzake. Huyu hata methali ya wahenga haimhusu. Jina kama "chura bubu wa Ukaguru" lingemtambulisha kwa mtoto wa darasa la nne kwa namna ambayo maneno mawili ya Kilatini hayawezi.

Hatua ya tatu ni ya kitaasisi. Idara za Kiswahili na idara za baiolojia hukaa katika chuo kimoja, aghalabu zikitenganishwa na ua tu, na hazijuani. Tasnifu ya uzamili kuhusu majina ya amfibia wa Taita ingeweza kusimamiwa na pande zote mbili. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo hufunga safari za pwani kila mwaka kwenda kuona makaburi ya washairi na misikiti ya kale, vingeweza mwaka mmoja kupanda milima. Orodha ya majina itakayopatikana ichapishwe katika majarida kama hili, ijadiliwe Kenya na Tanzania kwa pamoja, na jina moja likubaliwe kwa kila spishi kabla halijaingia vitabuni.

Kazi yenyewe bado ni mbichi. Mwaka 2015 Patrick Malonza wa Makavazi ya Taifa ya Kenya na wenzake walimpata chura mmoja tu katika Mlima Kenya. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa hakuwa spishi mpya pekee, bali jenasi mpya, iliyopewa jina la Kenyaphrynoides. Ikiwa mlima unaochorwa katika nembo na vitabu vya watoto ungali umemficha kiumbe wa namna hii, ni wangapi waliofichwa na milima isiyochorwa popote?

Kelele za chura huenda zisimzuie ng'ombe kunywa maji. Lakini maji ya mtoni hutoka msituni, na msitu wa milimani ambao vyura wake wamenyamaza ni msitu ambao kijito chake hakina dhamana. Wahenga walimsikia chura na kumweka katika methali kwa jina la jumla. Kizazi hiki kimepewa masikio makali zaidi. Kingekuwa kizazi cha aibu kama kingewasikia vyura tisa na kuendelea kuwaita mmoja.